Paka, Punda Milia na Sufuria: Historia Fupi ya Picha za Kawaida

Chukua rununu ya mtu yeyote, kwa idhini yake bila shaka, utazame picha ishirini za mwisho alizopiga. Utakuta paka amelala juu ya kabati. Utakuta mtoto amejipaka uji hadi kwenye nyusi. Utakuta sahani ya ugali na sukuma, jogoo wa jirani, tumbili aliyepora mkate wa mtalii, na mbwa aliyesimamishwa kando ya pikipiki kama abiria. Picha za rais akihutubia taifa? Hakuna. Picha za mlima wakati jua linachwa? Labda moja, tena imepinda.

Wengi wetu huziita picha za upuzi, na rununu ikijaa ndizo za kwanza kufutwa. Leo nataka niwaonyeshe kwamba picha hizi za upuzi zina historia ndefu kuliko mnavyodhani, kwamba ndizo zilizosaidia kuifundisha kompyuta kuona, na kwamba zetu sisi, za huku kwetu, zinapotea kila siku bila mtu kuziombolezea.

Nitaipitia historia hii jinsi mwanaprogramu anavyoupitia mfumo wowote uliokwama. Nitauliza: kizuizi kilikuwa wapi, na kiliondolewaje? Kwa mpiga picha wa ridhaa, yaani yule apigaye kwa kupenda tu bila kulipwa, vizuizi vilikuwa vitatu: muda, giza na gharama. Kuna na cha nne, ambacho hatujakiondoa. Tutakifikia.

MUDA: PAKA HATULII

Mwaka 1839 Mfaransa Louis Daguerre alitangaziwa ulimwengu kama mtu aliyeweza kunasa mwanga kwenye bamba la shaba lililopakwa fedha. Ilikuwa ajabu kubwa, lakini bamba lilihitaji kuachwa kwenye mwanga kwa dakika kadhaa. Binadamu aliyetaka picha aliketi kama sanamu, na nyuma ya shingo yake kukawekwa chuma cha kushikilia kichwa kisitikisike. Sasa mwambie mbwa akae hivyo. Ndiyo maana katika picha nyingi za miaka ile mbwa amelala usingizi, au ana mkia uliogeuka ukungu mweupe.

Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alileta bamba la kioo lililopakwa dawa. Muda ukapungua hadi sekunde chache, ila bamba lilipaswa kupakwa dawa, kupigwa na kusafishwa likiwa bado bichi. Likikauka, kazi imekwisha. Kwa hiyo aliyetaka kupiga picha porini alibeba hema la giza, chupa za dawa na maji. Hiyo haikuwa burudani ya mtu wa kawaida.

Mambo yalibadilika mwaka 1871, wakati daktari Richard Leach Maddox, naye Mwingereza, alipopendekeza dawa iliyochanganywa na jelatini, ambayo ingeweza kutumika ikiwa kavu. Kufikia mwisho wa muongo huo bamba kavu lilikuwa jepesi kuhisi mwanga kiasi kwamba sehemu ndogo tu ya sekunde ilitosha. Mwaka 1878 huko Palo Alto, California, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 mstari mmoja, farasi akapita mbio mbele yake, na kila kamera ikafyatuka kwa zamu. Picha zilionyesha kwamba kuna wakati kwato zote nne za farasi huwa hewani. Wachoraji walikuwa wamemchora farasi kwa karne nyingi bila kuwa na hakika ya jambo hilo.

Na paka je? Katika miaka ya 1870 mpiga picha aitwaye Harry Pointer, katika mji wa Brighton nchini Uingereza, alianza kuwapiga picha paka wakiwa wamekaa mezani kunywa chai au wamepanda baiskeli ya watoto, kisha akaandika maneno ya kuchekesha chini ya picha na kuziuza kama kadi. Alitengeneza picha za aina hiyo karibu 200. Kwa hiyo ukitumiwa picha ya paka yenye maneno ya mzaha asubuhi hii, ujue mzaha huo umepita miaka 140. Intaneti iliukuta.

GIZA: SIMBA HUTOKA USIKU

Kizuizi cha pili kilikuwa mwanga. Wanyamapori wengi hutembea alfajiri, jioni au usiku, saa ambazo kamera za zamani zilikuwa vipofu. Mwaka 1887 Wajerumani Adolf Miethe na Johannes Gaedicke walitengeneza unga wa magnesiamu uliochanganywa na kemikali nyingine. Ukiwashwa, ulilipuka kwa mwanga mkali wa mara moja. Ulitoa moshi mzito na ungeweza kumuunguza mpigaji, lakini usiku ukawa umefunguliwa.

Mmoja wa walioutumia ni George Shiras, mwanasheria wa Pennsylvania, Marekani, ambaye baadaye aliingia katika Bunge la nchi hiyo. Kazi yake ilikuwa sheria. Picha zilikuwa mapenzi yake. Alipokuwa mwindaji kijana alikuwa amejifunza mbinu ya Waojibwa, wenyeji wa eneo la Ziwa Superior: kuweka moto mbele ya mtumbwi usiku, ili paa aliyeko ukingoni asimame akiushangaa mwanga. Shiras aliacha bunduki, akaweka kamera na unga wa flashi. Kisha akaenda hatua moja mbele: akafunga uzi kwenye kamera na kuutandaza njiani, ili mnyama akiukanyaga ajipige picha mwenyewe. Julai 1906 jarida la National Geographic lilichapisha picha zake 74 katika toleo moja. Kwa jarida la kijiografia lililozoea maandishi mazito na ramani, hilo lilikuwa jambo geni kabisa.

Wakati huo huo, jambo kama hilo lilikuwa likifanyika karibu nasi. Mjerumani Carl Georg Schillings alizunguka nyika za Wamaasai na pande za Kilimanjaro, katika eneo ambalo leo ni kaskazini mwa Tanzania, akiwapiga picha simba, fisi na pundamilia usiku kwa flashi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1905 na kusomwa sana Ulaya. Jina lake limeandikwa juu ya jalada. Ya wapagazi waliobeba kreti za mabamba ya kioo vichwani, mabamba ambayo yangepasuka kwa kujikwaa mara moja tu, hayapo hapo. Tukumbuke pia kwamba kichwa cha kitabu hicho kwa Kijerumani kilitaja flashi na bunduki kwa pamoja. Kamera ilikuwa haijachukua nafasi ya risasi. Nchini Kenya ilibidi kungoja hadi mwaka 1977, serikali ilipopiga marufuku uwindaji, ndipo neno safari likabaki na kamera peke yake.

Uzi wa Shiras haujafa. Kamera za kutega zinazofungwa leo kwenye miti ya Serengeti au Laikipia hufanya kazi ile ile, ila badala ya uzi kuna kihisi kinachotambua joto la mwili likipita. Wazo lina zaidi ya karne moja. Kilichobadilika ni vipuri.

GHARAMA: HAKUNA ALIYEPIGA PICHA SUFURIA

Kizuizi cha tatu ndicho kilichokuwa kigumu zaidi kwa watu wa kipato cha chini. Mwaka 1888 George Eastman wa Rochester, Marekani, alianza kuuza kamera aliyoiita Kodak. Ilikuwa sanduku lenye filamu ya picha 100. Ukizimaliza, ulirudisha sanduku zima kiwandani, wakakusafishia picha na kukuwekea filamu nyingine. Mteja hakuhitaji kujua kemia yoyote. Lakini bei ilikuwa dola 25, pesa nyingi wakati ule. Mwaka 1900 kampuni hiyo ikatoa kamera ya Brownie kwa dola 1, na filamu ya picha sita kwa senti 15. Hata watoto walilengwa katika matangazo yake. Hapo ndipo picha za mbwa wa nyumbani, shangazi akicheka na nguo zikianikwa zilipoanza kujaa kwenye albamu za Marekani na Ulaya.

Huku kwetu njia ilikuwa nyingine. Kamera ilikaa studio, na mtu aliifuata. Mombasa kulikuwa na N. V. Parekh, aliyefungua studio yake mwaka 1942. Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor, aliyejifundisha kazi mwenyewe na kupendwa kwa picha zake za kubuni, ambamo sura ya mtu huonekana imechomoza mahali ambapo hukutarajia. Baadaye, karibu na kivuko cha Likoni, wapiga picha walisimamisha vibanda vyenye mandhari ya kuchora: ndege, majumba, bahari. Na kwa wengi picha ya kwanza maishani ilikuwa ya kitambulisho: uso mbele, masikio yaonekane, usicheke.

Sikilizeni hapa, maana ndipo penye kiini. Ukiwa unalipia kila picha, hupigi unachokiona kila siku. Unapiga kile unachotaka kionekane. Watu walivaa nguo za Idi au Krismasi, wakashika redio iliyokopwa au ua la plastiki, wakasimama mbele ya Ulaya iliyochorwa ukutani. Ni picha nzuri na mimi nazipenda. Lakini matokeo yake ni kwamba familia nyingi zinaijua suti ya babu na haziijui jikoni ya nyanya. Hatujui mafiga yalikaa upande gani, mtungi ulifunikwa kwa nini, mbwa wa boma alikuwa na rangi gani. Hakuna aliyekuwa mpumbavu kiasi cha kupoteza filamu kwa sufuria.

Ukipata bahati ya kuona picha ya zamani iliyopigwa nje ya studio, jaribu jambo hili: usitazame watu waliosimama mbele, tazama nyuma yao. Bango la bidhaa iliyokwisha kutoweka. Basi lenye namba za zamani. Kuku. Mti ambao sasa pamejengwa ghorofa. Mpiga picha hakuvikusudia, na leo ndivyo vyenye habari nyingi zaidi.

DIJITALI: KILA MVUMBUZI HUANZIA NYUMBANI

Hapa sasa tunaingia katika uwanja wetu wa kompyuta, na kuna jambo linalonifurahisha. Angalia picha za kwanza za kila teknolojia mpya.

Mwaka 1957 Russell Kirsch, mhandisi katika taasisi ya viwango ya Marekani, alijenga na wenzake mtambo wa kwanza wa kuingiza picha ndani ya kompyuta. Picha aliyochagua ilikuwa ya mwanawe mchanga wa miezi mitatu. Ilikuwa na pikseli 176 kwa 176, nyeusi na nyeupe.

Mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi wa Kodak, aliunda kamera ya dijitali iliyojitegemea. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6, picha ya pikseli 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuiandika picha moja kwenye kaseti. Naam, kaseti ile ile ya muziki. Mtu wa kwanza kupigwa picha alikuwa mfanyakazi mwenzake aliyekuwa karibu. Kampuni iliyomlipa mshahara ilikuwa ikila kwa kuuza filamu na haikuukimbilia uvumbuzi huo. Januari 2012 iliomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya kufilisika.

Juni 1997, katika hospitali moja huko California, Philippe Kahn alikuwa akingoja mke wake ajifungue. Aliunganisha kamera ndogo ya dijitali, simu ya mkononi na kompyuta ya kupakata, akaandika programu pale pale, na mtoto alipozaliwa picha yake ikafika kwa watu zaidi ya 2,000 papo hapo. Miaka mitatu baadaye kampuni ya Sharp ilikuwa ikiuza nchini Japani simu yenye kamera ndani yake.

Aprili 2005 video ya kwanza kabisa ya YouTube ilipandishwa. Inamwonyesha mmoja wa waanzilishi, Jawed Karim, akiwa mbele ya ndovu katika bustani ya wanyama ya San Diego. Ni sekunde 19, na hana la kusema zaidi ya kusifu urefu wa mikonga yao. Na Julai 2010, kabla Instagram haijafunguliwa kwa umma, Kevin Systrom aliweka humo picha ya mbwa aliyekutana naye Mexico kwenye kibanda cha chakula.

Mtoto, mwenzako kazini, mtoto tena, ndovu, mbwa. Hakuna aliyeanza na bunge. Mtu akishika chombo kipya cha kunasa picha, hukielekeza kwa anachokipenda na kilicho karibu.

Angalia pia ajabu hii. Picha ya yule mbwa ilipakwa rangi na programu ili ifanane na filamu ya zamani. Wakati huo huo filamu zenyewe zilikuwa zikifa. Polaroid ilitangaza kuacha kutengeneza filamu zake mwaka 2008, na Kodak ikaacha kutengeneza filamu maarufu ya Kodachrome mwaka 2009. Mara tu filamu ilipoondoka madukani, watu waliitamani sura yake, pamoja na mikwaruzo na rangi zilizochujuka. Waandika programu wakairudisha kwa hesabu.

WANAFUNZI WA PAKA

Kizuizi cha gharama kilipoanguka, picha zilimwagika. Na kumbe zilikuwa na kazi nyingine.

Mwaka 2007 watafiti wa Microsoft walibuni jaribio la kuwazuia roboti kuingia kwenye tovuti. Walikuonyesha picha 12, ukaambiwa uchague paka na uache mbwa. Picha zilitoka katika hazina ya zaidi ya milioni tatu za wanyama waliotafutiwa wa kuwalea. Kwa mtoto wa miaka minne ni mchezo, na kwa kompyuta ya wakati ule ulikuwa mlima. Haukuchukua muda. Juni 2012 watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha Stanford walieleza jinsi mtandao wa neva bandia, uliotumia viini vya kompyuta 16,000, ulivyopewa picha milioni 10 kutoka video za YouTube bila kuambiwa ndani mna nini. Wenyewe ukajifunza kutambua sura ya paka. Video za paka zilikuwa nyingi kiasi hicho! Mwaka huo huo, katika mashindano ya kutambua vitu kwa kutumia hazina ya picha iitwayo ImageNet, mfumo wa aina hiyo uliwaacha washindani mbali. Kati ya makundi 1,000 ya vitu katika mashindano hayo, zaidi ya 100 yalikuwa aina za mbwa.

Kwa maneno mengine, kompyuta zinazoona leo zilisomeshwa kwa picha za upuzi.

Lakini je, upuzi wa nani? Mwaka 2017 watafiti wa Google walichunguza ImageNet na kukuta kwamba karibu asilimia 45 ya picha ambazo asili yake ilijulikana zilitoka Marekani. India na Uchina kwa pamoja hazikufika asilimia 4. Mwaka 2019 watafiti wa Facebook walijaribu mifumo kadhaa mikubwa ya kutambua vitu kwa picha za vyombo vya nyumbani kutoka nchi mbalimbali. Kadiri nyumba ilivyokuwa na kipato kidogo, ndivyo mifumo ilivyokosea zaidi. Kipande cha sabuni kilichopigwa picha katika nyumba moja ya Nepal kilisemekana kuwa chakula, jibini au mkate. Mfumo ulikuwa umezoea sabuni ya maji katika chupa, kwenye sinki nyeupe.

Sasa fikiria jiko letu la makaa, kinu na mchi, mbuzi ya kukunia nazi, kibuyu cha mursik, leso iliyofungwa mtoto mgongoni. Kama hatukuzipiga picha kwa wingi, au tulipiga zikapotea, programu ya kesho itayaita mambo haya kwa majina gani?

Tunajua kwamba picha za kwetu zikikusanywa kwa mpango hufanya kazi kubwa. Tarehe 30 na 31 Januari 2016, wananchi wa kujitolea, walinzi wa hifadhi, wanafunzi na wanasayansi walitawanyika kaskazini mwa Kenya, katika kaunti kama Laikipia, Samburu, Isiolo na Marsabit, wakiwapiga picha punda milia wa Grevy. Kila mmoja aliombwa ampige mnyama ubavu wa kulia, kwa kamera inayoandika mahali na saa. Mistari ya punda milia ni kama alama za vidole, haifanani kati ya mmoja na mwingine, kwa hiyo programu iliweza kujua kama mnyama wa Jumamosi ndiye huyo huyo wa Jumapili. Ukijua ni wangapi wamejirudia, unaweza kukadiria idadi ya wote. Picha zaidi ya 40,000 zilitoa jibu la karibu wanyama 2,350. Hakuna mnyama aliyepigwa sindano wala kuvishwa mkufu.

Upande wa pili wa mpaka, kamera 225 za kutega zilizowekwa Serengeti zilipiga picha nyingi mno kwa wanasayansi kuzipitia wenyewe. Watu zaidi ya 28,000 walijitolea kuzisoma kwenye mtandao: huyu nyumbu, huyu fisi, hapa ni nyasi tu. Majibu yao yakawa kitabu cha kiada, na mwaka 2018 watafiti walionyesha mfumo uliojifunza humo kutambua wanyama kwa usahihi uliokaribiana na ule wa watu wenyewe.

KIZUIZI CHA NNE: KUTUNZA

Muda, giza na gharama vimeondoka. Umebaki utunzaji, na hapa tumerudi nyuma.

Picha ya karatasi ya nyeusi na nyeupe ya miaka ya 1950 imetengenezwa kwa chembe za fedha. Ikikaa pakavu ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda, itaonekana baada ya miaka mia bila umeme wala nywila. Picha za rangi za miaka ya 1970 zilikuwa dhaifu zaidi: rangi zake huchujuka, nyingi zimegeuka nyekundu au kahawia. Na picha za simu za katikati ya miaka ya 2000, zile za megapikseli 0.3 tulizorushiana kwa Bluetooth, ziko wapi? Ziko kwenye simu zilizouzwa, kuibwa, au kutupwa zikiwa na chaja isiyopatikana tena. Inawezekana kabisa familia ikawa na picha za mwaka 1965 na isiwe na hata moja ya mwaka 2006.

Tovuti nazo si kabati. Mwaka 2017 Photobucket, iliyohifadhi picha za mamilioni ya watu bure, ilianza kudai dola 399 kwa mwaka kwa yeyote aliyetaka picha zake ziendelee kuonekana kwenye tovuti nyingine. Mwaka 2019 Myspace ilikiri kwamba nyimbo, picha na video zilizopandishwa kwa zaidi ya miaka kumi zilikuwa zimepotea wakati wa kuhamisha seva.

Habari njema ni kwamba faili lenyewe si adui. Muundo wa JPEG ni wa mwaka 1992 na bado kila kompyuta huufungua. Tangu mwaka 1995 kuna kanuni iitwayo Exif inayoiwezesha kamera kuandika ndani ya faili tarehe, saa, aina ya kamera, na mahali ikiwa kuna GPS. Bibi aliandika nyuma ya picha kwa kalamu. Exif ndiyo kalamu yetu. Tatizo ni kwamba picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora na maandishi hayo hufutwa. Ukitaka yafike mzima mzima, itume kama hati.

Kwa hiyo nawashauri haya, na hayahitaji pesa nyingi:

1. Mara moja kila mwezi, hamisha picha kutoka kwenye rununu hadi mahali pengine pawili tofauti, kwa mfano diski ya nje na hifadhi ya mtandaoni. Nakala moja si nakala.

2. Zipange kwa folda zenye mwaka na mwezi, namba kwanza: 2024-08, 2024-09. Zitajipanga zenyewe katika kompyuta yoyote.

3. Andika majina. Faili la maandishi ya kawaida ndani ya folda linatosha: nani, wapi, mbwa anaitwaje.

4. Piga picha za karatasi za wazee kabla hawajaondoka, kando ya dirisha na bila flashi, upande wa mbele na wa nyuma. Waulize waliomo ni kina nani, na uandike.

5. Chapisha chache kwenye karatasi nzuri kila mwaka. Kopo la biskuti bado linafanya kazi.

Tahadhari mbili. Si kila picha ni ya kuwekwa hadharani: mtoto wa mwenzako na jirani aliyelala barazani wana haki zao, na Kenya ina sheria ya kulinda data tangu mwaka 2019. Pili, ukimpiga picha kifaru, futa data ya mahali kabla ya kuisambaza, kwa sababu jangili naye anajua kusoma Exif.

Juma hili, kabla ya kupika, simameni mlangoni mwa jikoni mpige picha moja ya jikoni jinsi ilivyo. Msipange chochote. Sufuria ikiwa na masizi, iwe na masizi. Paka akipita, mwacheni apite. Kisha iwekeni mahali pawili, na mwandike tarehe.